Gunia na Kilichomo Ndani Yake
Mhadhara juu ya thamani ya chakula cha kondoo wa mjini

Nawaomba radhi mapema nyote mliokuja kumsikiliza mtu akizungumza habari za pumba. Kwani katika mji wetu wa Dar es Salaam mtu asemaye maneno yasiyo na maana huambiwa kwamba anaongea pumba, nami leo sina budi kuongea pumba kwa muda wa saa nzima, ila nitaziongea kwa maana yake ya asili, ile iliyofungwa ndani ya gunia.

Mfugaji wa Kiteto au wa Monduli humwachia Mungu na mvua kazi ya kulisha, na maarifa yake makubwa ni ya kujua wapi pa kwenda na lini pa kuhama. Sisi tulio viungani mwa Dar es Salaam, ambao nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, na ambao majani ya kando ya barabara yamejaa vumbi na mifuko, hatuna pa kuhamia. Karibu kila kiingiacho kinywani mwa mnyama wetu tumekilipia fedha taslimu. Na mtu anayenunua chakula kila juma, ajijue au asijijue, amekwisha kuwa mfanyabiashara wa nafaka, naye yampasa kuijua bidhaa yake kama sonara ajuavyo dhahabu, asije akauziwa shaba.

Mimi mwenyewe niliuziwa shaba. Miaka kadhaa iliyopita, yapata miezi mitatu kabla ya Idi ya kuchinja, nilinunua kondoo dume wanne katika mnada wa Pugu, wa jamii ile ya mwili mweupe na kichwa cheusi, kwa nia ya kuwanenepesha: mmoja nimchinje mimi, watatu niwauzie majirani waliotaka udhia. Ninyi mnajua kwamba sheria ya Kiislamu haikubali katika udhia mnyama chongo, wala mgonjwa dhahiri, wala kiwete, wala aliyekonda hata hana uboho mifupani. Kwa hiyo kunenepesha kwetu si jambo la pilau tu. Nikaenda kutafuta mashudu ya alizeti. Nilikuta maduka mawili yanayotazamana, la kwanza likiuza gunia kwa bei iliyonishtua, la pili likiuza gunia la uzito ule ule kwa upungufu wa shilingi elfu kumi, nami nikajiona hodari kuliko wenzangu, nikachukua magunia matatu katika lile la pili na kuyapakia katika guta. Asubuhi ya siku ya tatu nilipokwenda kufagia hori, nikakuta chini yake tabaka la maganda meusi, makavu, mepesi kama mbawa za kumbikumbi. Kondoo walikuwa wamechambua chakula kwa midomo yao, kama mpishi achambuavyo mchele, wakala kiini na kuniachia makapi. Kwa muda wa juma zima nikayakusanya makapi hayo, nikaazima mizani ya jirani muuza nyama, na kuyapima. Yalikaribia robo ya chakula nilichokitoa. Kumbe ushujaa wangu wote wa kuokoa shilingi elfu kumi ulikuwa ni kununua kuni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani bei ya gunia na bei ya chakula. Bei ya gunia huandikwa ubaoni, na dalali huitaja kwa sauti kuu. Bei ya chakula haiandikwi popote. Huitafuta mwenyewe kwa kutoa katika gunia kwanza maji, kisha mchanga na maganda, kisha kile kitakachoharibika kabla hakijaliwa, na baada ya hapo kugawanya fedha zako kwa kilichobaki. Hesabu hii ni ndogo, na mtoto wa darasa la sita aiweza, walakini nimeona watu wenye shahada zao wakiikwepa kwa miaka.

Ili tujue tunatafuta nini ndani ya gunia, tumtazame kidogo mnyama mwenyewe. Kondoo, kama ng'ombe na mbuzi, ni mnyama anayecheua. Tumbo lake lina vyumba vinne, na kile cha kwanza, kilicho kikubwa kuliko vyote, ni kama pipa la kuchachushia ambamo wamo vijidudu wasiohesabika, nao ndio wavunjao nyuzinyuzi za majani ambazo tumbo la mwanadamu haliziwezi. Kwa hakika mfugaji halishi kondoo. Hulisha vijidudu hao, nao wakisha kushiba na kuzaana hushuka chini na kuwa chakula cha kondoo. Nao wanataka mambo mawili kwa pamoja, nguvu na protini, hata mkiwapa moja bila ya jingine kazi husimama. Protini ya chakula chote ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hudhoofika, majani hukaa tumboni muda mrefu bila ya kuvunjwa, na mnyama aliyejaa tumbo huacha kula. Nyasi zetu za pwani, zikisha kukomaa na kukauka katika kiangazi, hushuka chini ya kiwango hicho. Ndiyo maana kondoo huweza kukonda akiwa amesimama katikati ya majani ya kumfika magotini, na mwenyewe akadhani amelogwa. Kondoo anayekua huhitaji chakula chenye protini ya asilimia 12 hadi 14, naye hula kwa siku uzito mkavu wa sehemu tatu hadi nne katika mia ya uzito wake, maana yake kondoo wa kilo 25 humaliza baina ya robo tatu ya kilo na kilo moja, ukiyatoa maji.

Watu huuliza, protini hiyo huonekanaje, ilhali haina rangi wala harufu? Imekuwa ikipimwa kwa njia iliyo rahisi tangu mwaka 1883, alipoibuni mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Naye alikuwa akiipima nafaka ya kutengenezea bia, jambo linalonifurahisha kila nikumbukapo kwamba machicha ya bia ni miongoni mwa vyakula tuvinunuavyo. Kwa kweli hakupima protini, alipima naitrojeni, kisha hesabu ikazidishwa kwa 6.25, kwa dhana kwamba naitrojeni yote imo katika protini. Dhana hiyo ndiyo mlango wa ulaghai: mwaka 2008 huko China wadanganyifu walitia melamini katika maziwa, kitu kisichofaa kuliwa lakini chenye naitrojeni tele, mashine zikasema kwamba maziwa ni mazito, na watoto wachanga wakaharibika figo. Nasema haya ili tusiiabudu karatasi ya maabara. Humu nchini kazi hii ya kupima si mpya. Katika miaka ya 1930 mkemia wa idara ya mifugo ya Tanganyika, M. H. French, alikuwa Mpwapwa akipima vyakula vya nchi hii, si katika chupa tu bali matumboni mwa wanyama: kiasi gani kimeingia na kiasi gani kimetoka katika samadi, kwani tofauti ya hivyo viwili ndiyo iliyo mali ya mnyama.

Sasa twende sokoni. Mji huu unakula sembe. Mahindi yanaposhuka Tandale na Manzese, mashine huyakoboa kwanza, ikaondoa ganda la juu pamoja na kile kiini ambamo mche ungechipukia, ndipo moyo mweupe ukasagwa. Na kiini hicho ndicho chenye mafuta na sehemu iliyo bora ya protini ya punje. Basi wanadamu wa Dar es Salaam kwa kupenda weupe wa ugali wamejinyima kilicho bora na kuwatupia kondoo, na laiti wote wangerudi kula dona, sisi tungefilisika. Pumba za mahindi zilizo njema huwa na protini ya asilimia 10 au 11, na nguvu nyingi. Ukizifumbata mkononi kwa nguvu kisha ukafumbua, huacha kiganja kikiwa na utelezi mdogo wa mafuta, na huonekana ndani yake vipande vya manjano vya kiini. Zilizo mbaya huwa kavu kama unga wa mbao, na wakati mwingine ni unga wa mbao kweli, kwani maranda ya seremala hayana bei na pumba zina bei. Zitie katika beseni la maji, mkoroge, mngoje kidogo: maranda na maganda huelea, mchanga huzama na kukwaruza chini ya beseni, na pumba halisi hulowana na kukaa katikati. Sijaona duka ambalo mwenyewe alinikatalia beseni, ila nimeona maduka ambayo mwenyewe alikumbuka ghafla kwamba gunia jingine kule ndani ni zuri zaidi.

Pumba za mpunga zina fitina yake. Jina ni moja, vitu ni viwili. Ile ngozi nyembamba iliyouvika mchele, ikitolewa peke yake, ni chakula kizuri chenye protini ya asilimia 12 hivi na mafuta mengi. Lakini ganda gumu la nje la mpunga halina chakula, protini yake yapata asilimia 3, na sehemu kubwa ya majivu yake ni kitu kile kile kifanyacho kioo. Mashine za kizamani zinazokoboa kwa mkupuo mmoja huvitoa vyote viwili kwa mdomo mmoja, na ndizo pumba nyingi zitufikiazo kutoka bara. Ganda la mpunga huchoma: mkichukua chembe na kuzisugua baina ya vidole, mtalijua. Na hata ile iliyo safi isinunuliwe ya kuweka akiba, maana mafuta yake huanza kuchacha upesi mara ikishakobolewa, na katika joto letu la mwezi wa Februari siku chache zatosha kuifanya inuke kama taa ya zamani. Kondoo ana pua. Atakataa, na mtamwita mkaidi.

Katika mashudu ndimo iliko fedha yetu nyingi. Mashudu ya alizeti hutoka Singida na Dodoma, ya pamba hutoka kanda ya Ziwa, na katika yote swali ni lile lililonitesa mimi: je, mbegu ilimenywa kabla ya kukamuliwa? Alizeti iliyokamuliwa pamoja na maganda yake yaweza kuwa na protini ya asilimia 26 na yaweza kushuka mpaka 17, na iliyomenywa vizuri hupanda juu ya 30. Tena mashine ndogo za kukamua huacha mafuta mengi ndani ya mashudu, jambo ambalo si baya kwa kiasi, kwani mafuta ni nguvu, lakini yakizidi katika mlo huwazuia vijidudu kuyavunja majani. Mashudu ya pamba yana sumu yake ya asili, gosipoli, ambayo kondoo mzima huistahimili kwa sababu ya vile vijidudu. Mwana-kondoo ambaye tumbo lake halijaanza kucheua hana kinga hiyo, asipewe.

Tufanye hesabu, na bei nitakazozitaja ni za mfano tu. Tuseme gunia la kilo 50 la mashudu mema ya asilimia 26 ni shilingi 45,000, na la mashudu ya maganda ya asilimia 17 ni shilingi 35,000. Katika yote mawili sehemu ya kumi ni maji, imebaki kilo 45. Gunia la kwanza lina protini ya kilo 11.7, la pili lina kilo 7.65. Mkigawanya, kilo moja ya protini katika gunia la ghali imewagharimu shilingi 3,846, na katika gunia la rahisi shilingi 4,575. Wahenga waliosema kwamba rahisi yavunja upishi hawakuwa na kikokotoo.

Hesabu hiyo hiyo yafanyieni machicha ya bia, ambayo watu huyasifu mno. Yakikaushwa, protini yake yapata asilimia 25, lakini hayaji yamekaushwa. Katika kilo 50 mnazozipakia, karibu kilo 39 ni maji. Zabaki kilo 11, na protini ndani yake ni kilo 2.75. Ikiwa mmeyanunua kwa shilingi 5,000, kilo ya protini ni shilingi 1,818, hakuna iliyo nafuu kama hiyo. Ongezeni nauli ya guta, nayo iwe shilingi 5,000: imekuwa 3,636. Kisha mwenye kondoo watatu tu hawezi kuyamaliza kabla hayajavunda, tuseme theluthi imetupwa: imefika 5,455, kupita hata yale mashudu ya maganda. Kwa mwenye kondoo thelathini wanaoyamaliza siku ile ile, chakula hicho hicho ni neema. Mtu asikwambie basi kwamba chakula fulani ni rahisi, pasipo kukuuliza una wanyama wangapi na unakaa wapi.

Machicha ya nazi ya jikoni ni hadithi nyingine, na hapa niseme kwa mzaha kwamba pwani ndipo mahali pekee ambapo mbuzi ndiye anayemlisha kondoo. Wapeni yakiwa mabichi, siku ile ile, kwa kiasi kidogo. Lakini msiyahesabu kuwa ni chakula cha kujenga mwili, kwani protini iliyomo ni haba, tofauti na mashudu ya nazi iliyokaushwa na kukamuliwa kwa mashine, ambayo hufika asilimia 20. Maganda ya ndizi kutoka Mabibo na maganda ya viazi ya wauza chipsi yana nguvu na maji, basi. Maganda ya muhogo yana sumu ya sianidi kuliko nyama ya muhogo yenyewe; yaanikwe juani siku mbili tatu, yakiwa yamekatwakatwa na kutandazwa kwa uembamba. Na chochote kitokacho sokoni kichambuliwe mifuko: tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku, lakini ile ya zamani na ile ya kufungashia bado imo katika taka, na ikiingia katika tumbo la kwanza la kondoo haitoki tena mpaka siku ya kisu.

Amma kuhusu kuchanganya, kanuni iliyo nyepesi ni hii: pumba za asilimia 11 sehemu mbili, mashudu ya asilimia 26 sehemu moja, kwa uzito, mtapata mchanganyiko wa asilimia 16, nao ukiwa nusu ya mlo, na nusu iliyobaki ikawa nyasi za asilimia 7, mlo mzima unakaribia 12. Kwa kilo mia moja nawashauri kilo 64 za pumba, 33 za mashudu, 2 za chokaa na 1 ya chumvi, hata ile ya mashamba ya Kunduchi yafaa. Nimesema kwa uzito, wala si kwa debe, kwa sababu debe la pumba na debe la mashudu hayana uzito mmoja. Na anayepima kwa debe leo, kesho pumba zikija laini zaidi atakuwa amebadili mlo pasipo kujua. Anzeni kidogo kidogo kwa muda wa siku kumi na nne. Kondoo atolewaye katika nyasi leo na kupewa beseni la pumba au, kama ifanywavyo siku za harusi, sufuria zima la ubwabwa uliobaki, tumbo lake hugeuka kuwa siki, hulala chini, na kesho yake mnamkuta amekufa huku mkidhani mmemkirimu.

Ile chokaa msiipuuze. Katika wale kondoo wangu wanne mmoja hakuifikia Idi. Alianza kusimama ameinama, akijikamua na kupiga mkia, mkojo ukitoka tone kwa tone, kisha usitoke kabisa. Nilidhani ni tumbo. Daktari wa mifugo alipomwona akaniuliza neno moja tu, nimekuwa nikimpa nini, nikamjibu kwa fahari kwamba nimempa pumba na mashudu asubuhi na jioni, akatikisa kichwa. Pumba zimejaa fosforasi na zina kalsiamu kidogo mno, na ziada hiyo hugeuka vijiwe katika njia ya mkojo, ambayo kwa dume ni nyembamba na yenye kupinda. Kalsiamu ikiwa mara mbili ya fosforasi hatari hiyo hupungua sana, na chumvi humfanya anywe maji mengi. Chokaa yenyewe iwe ya mifugo, ile ya mawe yaliyosagwa, si ile ya kupakia nyumba, ambayo huunguza kinywa. Mkiitilia shaka kwamba imechanganywa na mchanga, ikamulieni ndimu: chokaa ya mawe hutoa povu, na mchanga hunyamaza.

Kuna hatari ya pili ambayo ni ya mjini hasa. Kila nyumba ya pili huku kwetu ina kuku, na gunia la chakula cha kuku husimama karibu na la kondoo, na siku pumba zinapokwisha mtumishi huchota huko. Kondoo ana udhaifu ambao kuku na nguruwe hawana: madini ya shaba, ambayo hutiwa katika virutubisho vyao, yeye hawezi kuyatoa mwilini upesi, basi hujikusanya katika ini juma hata juma, mnyama akiwa na afya na manyoya yanang'aa, mpaka siku moja ini huyamwaga yote katika damu, macho yakawa ya manjano na mkojo ukawa mwekundu kama maji ya rosela. Hapo hakuna mganga. Samadi ya kuku, ambayo wengine huikausha na kulisha, inaweza kuwa na shaba hiyo hiyo. Kwa hiyo chakula chenye kuandikwa juu yake jina la mnyama mwingine, hata kikiwa na protini nyingi na bei ya kuvutia, kwa kondoo thamani yake ni sifuri, au tuseme ni chini ya sifuri.

Ya tatu ni ukungu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa maradhi yasiyo na jina, na uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Ndipo ulimwengu ulipoijua sumu tuiitayo leo sumukuvu. Sisi tuliijua kwa msiba wetu wenyewe mwaka 2016, ilipoua watu Dodoma na Manyara kwa njia ya mahindi. Kondoo mzima huistahimili kuliko kuku, na kwa sababu hiyo mahindi yaliyokataliwa na watu hupata njia ya kuja kwetu kwa bei ya kutupa. Sumu hiyo haina rangi. Ukungu waweza kupeperushwa na kusagwa usionekane, na sumu ikabaki. Basi tieni mkono katikati ya gunia mpaka kiwiko: likiwa na joto ndani, lilifungwa na unyevu, msilinunue. Na nyumbani magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, kwani sakafu ya saruji katika masika hutoa jasho.

Mkono, pua, beseni na ndimu hufika mahali vikasimama, nami sitawadanganya kwamba mtu aweza kutofautisha asilimia 22 na 26 kwa kuonja. Ninyi wa Temeke mna bahati, maana Maabara Kuu ya Veterinari iko papa hapa, pale daladala zinapoita Vetenari, nayo hupima vyakula vya mifugo. Na Sheria namba 13 ya mwaka 2010, inayohusu nyanda za malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo, imeweka usimamizi juu ya vyakula hivyo na biashara yake. Mtu mwenye kondoo watatu hatapeleka kila gunia, itamfilisi. Lakini majirani kumi wanunuao duka moja, wakichangiana, mzigo wa kila mmoja hupungua. Ila sampuli ichukuliwe kwa insafu: msichote juu ya gunia moja. Toeni katika magunia matano au sita, kila moja konzi ya juu, ya kati na ya chini, mchanganye zote juu ya turubai safi, mgawanye fungu mara nne kama keki, mtupe robo mbili zinazokabiliana, mchanganye tena, mpaka ibaki nusu kilo. Nusu yake itieni katika mfuko mkavu, ifungeni, andikeni juu yake tarehe na duka ilikotoka, nusu nyingine ya fungu lile lile mbaki nayo nyumbani pamoja na risiti, kisha mmoja wenu apande daladala ya asubuhi kabla jua halijawa kali.